Ugumu Umehamia Wapi? Hotuba juu ya urahisi katika algoriti

Mwenyekiti, walimu wangu mliokaa mbele, wanafunzi, na ninyi wa makazini mliotoroka mapema kuja kusikiliza hesabu Ijumaa jioni: wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Naomba mtoe karatasi na kalamu. Simu wekeni mfukoni, leo hazitatusaidia.

Tuanze na kura. Mbele yangu kuna rundo la kura, ni nyingi, sijui ngapi. Sina orodha ya wagombea. Nachukua kura moja, naisoma, naiweka kando, nachukua nyingine. Swali ni hili tu: je, yupo aliyepata zaidi ya nusu ya kura zote, na kama yupo ni nani?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atachora jedwali, majina upande huu na hesabu upande ule. Atapata jibu sahihi, ila wagombea wakiwa laki moja jedwali nalo litakuwa na mistari laki moja. Wa mwaka wa pili, ambaye ameshafundishwa kupanga, atazipanga kura zote kwa alfabeti kisha atatazama ile iliyoangukia katikati kabisa, maana mwenye zaidi ya nusu hawezi kukosekana pale. Hilo ni wazo zuri na ningempa maksi zake zote. Lakini kupanga kuna gharama, na mimi nimesema kura ikishapita imepita.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wamarekani wawili, Robert Boyer na J Moore, waliona kwamba unahitaji kukumbuka vitu viwili tu: jina moja na namba moja. Namba ikiwa sifuri, andika jina lililo kwenye kura uliyoshika, na namba iwe 1. Namba ikiwa si sifuri, linganisha: kura ikiwa na jina lile ulilonalo, ongeza moja, ikiwa na jina jingine, punguza moja. Basi, algoriti, yaani utaratibu wa hatua za kufikia jibu, imeisha.

Fanyeni pamoja nami. Kura zinakuja hivi: Asha, Baraka, Asha, Chausiku, Asha, Asha, Baraka. Kura ya kwanza: Asha, 1. Ya pili ni ya Baraka, namba inashuka hadi 0. Ya tatu, Asha tena, 1. Ya nne, Chausiku, 0. Ya tano, Asha, 1. Ya sita, Asha, 2. Ya saba, Baraka, 1. Tumebaki na Asha, na kweli Asha ana kura 4 kati ya 7.

Kwa nini imekubali? Kila namba inaposhuka, kura mbili za watu tofauti zimefutana. Mwenye zaidi ya nusu anaweza kupoteza kura moja katika kila mfutano, lakini wapinzani wake wote wakijumlishwa hawafiki nusu, kwa hiyo hawatoshi kumfuta wote. Atabaki. Na kama hakuna aliyezidi nusu? Hapo jina litakalobaki halina maana yoyote. Jaribuni Asha, Baraka, Chausiku: mtabaki na Chausiku, na ana kura moja kati ya tatu. Ndiyo maana, kama hamna hakika, mnapita tena mara ya pili kumhesabu huyo mmoja peke yake. Uthibitisho wote nimeusema kwa mdomo, sijagusa ubao.

Makala ya Boyer na Moore haikuchapishwa kitabuni mpaka 1991, takriban miaka kumi baada ya kubuniwa. Hawa walikuwa watu wenye majina. Mwaka 1977 walikuwa wameshatoa algoriti ya kutafuta neno ndani ya maandishi ambayo mpaka leo inafundishwa. Nitaurudia muda huo wa miaka kumi baadaye.

Ninachotaka kusema jioni hii ni kwamba mfano wa kura ni bahati. Pale ugumu uliyeyuka, hatukuuona tena. Mara nyingi hauyeyuki. Unahama. Unatoka kwenye algoriti unaingia kwenye uthibitisho, au unaingia kwenye bahati nasibu, au unajificha kwenye mstari mmoja wa msimbo, yaani maandishi ya programu, ambao hakuna anayeutazama. Mtu akikuletea algoriti rahisi, mshukuru, kisha muulize: ugumu umehamia wapi? Akijua jibu, anajua kazi yake. Asipojua, kaa chonjo.

Nawapa mfano ninaoupenda kuliko yote, na nitakaa nao kidogo.

Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari ya mashariki ya Afrika, EASSy na Seacom, zilikatika kwa wakati mmoja. Mnakumbuka, hasa ninyi wa makazini. Intaneti ilikwenda kwa kusuasua nchi nzima. Swali ambalo kila mhandisi wa mitandao alijiuliza siku ile lina jina la kihesabu. Una vituo, una nyaya zinazoviunganisha. Ni nyaya ngapi, kwa uchache kabisa, zikikatwa mtandao utagawanyika vipande viwili visivyoweza kuwasiliana? Na ni nyaya zipi hizo? Tuite mkato mdogo kuliko yote.

Kwa miongo kadhaa njia iliyofundishwa ilikuwa ya mtiririko. Unachagua kituo kimoja chanzo, kingine mwisho, unapima kiasi cha juu kinachoweza kupita kati yao, kisha unarudia kwa jozi nyingine. Gomory na Hu walionyesha mwaka 1961 kwamba marudio machache yanatosha, moja pungufu ya idadi ya vituo. Ni kazi nzuri sana. Lakini algoriti ya mtiririko yenyewe ina mambo mengi ya kushughulikia, na mwanafunzi anayeiandika kwa mara ya kwanza huwa anakesha.

Mwaka 1993 David Karger, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Stanford, alikuja na kitu ambacho ukikisikia mara ya kwanza unadhani anatania. Chagua waya mmoja kwa kufumba macho. Vituo viwili vilivyo kwenye ncha zake vifanye kuwa kituo kimoja. Nyaya zilizokuwa kati yao zifute, nyingine zote ziache. Rudia. Vikibaki vituo viwili, simama. Nyaya zilizobaki kati yao ndiyo jibu lako.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo algoriti nzima. Hakuna mtiririko, hakuna chanzo wala mwisho. Jibu linaweza kuwa la uongo, na mara nyingi litakuwa la uongo. Twende polepole tuone mara nyingi kiasi gani, kwa mtandao wa vituo 10.

Tuseme mkato mdogo kuliko yote una nyaya k. Basi kila kituo kina nyaya zisizopungua k, kwa sababu ungeweza kukitenga kituo chochote kwa kukata nyaya zake tu, na huo nao ungekuwa mkato. Vituo 10, kila kimoja nyaya k au zaidi, kila waya umehesabiwa mara mbili kwa kuwa una ncha mbili: jumla ya nyaya si chini ya 5k. Mimi nimefumba macho nimechagua waya mmoja. Nafasi ya kugusa mojawapo ya zile k za thamani haizidi k kwa 5k, yaani 1 kwa 5. Nafasi ya kunusurika ni angalau 8 kwa 10. Sasa vimebaki vituo 9, na hoja ni ileile: kunusurika angalau 7 kwa 9. Kisha 6 kwa 8, 5 kwa 7, 4 kwa 6, 3 kwa 5, 2 kwa 4, 1 kwa 3. Zidisheni zote. Msikimbilie kikokotoo, angalieni zinavyokatana, juu na chini. Mnabaki na 2 kwa 90. Moja kwa 45.

Nafasi moja kati ya 45, au zaidi. Ni ndogo? Ndogo kweli. Lakini jaribio moja ni la haraka, na majaribio hayategemeani. Rudia mara 210, kila mara uhifadhi mkato mdogo uliouona. Nafasi ya kukosa mara zote 210 ni chini ya moja katika mia. Hutaki moja katika mia? Rudia mara mbili ya hapo, inakuwa chini ya moja katika elfu kumi. Kiasi cha mashaka unakipanga wewe mwenyewe.

Ugumu umehamia wapi hapa? Umekwenda kwenye bahati na kwenye marudio. Karger hakuuficha, ameuandika waziwazi kwa tarakimu: gharama ya urahisi huu ni kwamba hutapata uhakika wa asilimia mia, na utalazimika kurudia mara kwa mara. Mwaka huohuo 1993 yeye na Clifford Stein walipunguza marudio hayo sana kwa kugundua kwamba hatua za mwanzo ni salama (8 kwa 10, 7 kwa 9) na za mwisho ndizo za hatari (2 kwa 4, 1 kwa 3), kwa hiyo kinachofaa kurudiwa ni za mwisho. Angalieni wazo hilo la pili lilivyopatikana: limesomwa moja kwa moja kutoka kwenye uchambuzi. Ukiwa na uthibitisho wa mistari sita, unaona mahali penye udhaifu. Ukiwa na uthibitisho wa kurasa sitini, huoni kitu.

Bado sijamaliza na Karger, vumilieni. Mtandao unaweza kuwa na mikato midogo mingi iliyolingana. Mingapi kwa wingi? Tumesema kila mkato mdogo una nafasi isiyopungua 1 kwa 45 ya kuwa ndio jibu la jaribio moja. Jaribio moja linatoa jibu moja tu, kwa hiyo nafasi zote zikijumlishwa haziwezi kuzidi 1. Basi mikato hiyo haizidi 45. Imekwisha! Nadharia hiyo ilikuwa imeshathibitishwa huko Urusi miaka ya 1970 kwa njia nyingine, yenye safari ndefu zaidi. Hapa imedondoka kama chenji baada ya ununuzi. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktaba, mhudumu akanitazama vibaya.

Sasa upande mwingine. Kuna algoriti ambazo msimbo wake unaandikwa na mtoto, na uchambuzi wake ukawatoa jasho wakubwa.

Mna vijiji, na barabara zinajengwa moja moja. Kila baada ya barabara mtu anauliza: je, kijiji hiki na kile vimeshaunganishwa? Kila kijiji kinaelekeza kwa mkubwa wake, mkubwa naye kwa mkubwa wake, mpaka juu kwa mkuu asiye na wa kumwelekeza. Vijiji viwili vyenye mkuu mmoja vimeungana. Barabara mpya ikiunganisha makundi mawili, mkuu wa kundi dogo anamwelekeza mkuu wa kundi kubwa. Na kila unapopanda kumtafuta mkuu, wote uliowapita njiani unawaelekeza kwake moja kwa moja, ili safari ijayo iwe fupi. Galler na Fischer waliandika msingi wa jambo hili mwaka 1964. Kwenye lugha yoyote ya programu ni mistari kumi hivi.

Inachukua muda gani? Hapo ndipo penye kazi. Wachambuzi walipunguza makadirio hatua kwa hatua, mpaka Robert Tarjan mwaka 1975 akathibitisha kwamba wastani wa gharama kwa kila swali unakua kwa kipimo kinachoitwa kinyume cha Ackermann, yaani kinyume cha kitendakazi cha Ackermann ambacho chenyewe kinakua kwa kasi ya ajabu. Kipimo hicho kinakua polepole kiasi kwamba kwa idadi yoyote ya vijiji mtakayoweza kuihifadhi kwenye kompyuta yoyote, hakizidi 4. Mistari kumi ya msimbo, na ndani yake kuna kitu kisichotarajiwa namna hiyo. Mwaka 1989 Fredman na Saks walionyesha kwamba huwezi kufanya vizuri zaidi, hata ukitumia mbinu gani.

Hapa ugumu ulihamia kwenye uchambuzi, na nasema ni mahali pazuri pa kuuweka, kwa sababu uchambuzi unafanywa mara moja na msimbo unaendeshwa mabilioni ya mara. Anayeandika programu hahitaji kumjua Ackermann. Lakini mwalimu anahitaji, na kwa miaka thelathini walimu waliufundisha uthibitisho ule huku wanafunzi wakinakili bila kuelewa. Mimi nilinakili. Mwaka 2005 Raimund Seidel na Micha Sharir wakaandika uchambuzi mwingine wa algoriti ileile, unaotoka juu kwenda chini, ambao hauanzi na Ackermann; kile kipimo cha ajabu kinajitokeza chenyewe mwishoni. Hawakubadilisha algoriti wala matokeo. Walichobadilisha ni uelewa wetu. Kuna mtu ataniambia hilo si jambo jipya. Tutafika.

Mahali pabaya pa kuhamishia ugumu ni pale ambapo hakuna anayetazama. Mnajua kutafuta kwa kugawa nusu: orodha imepangwa, unatazama katikati, unatupa nusu isiyofaa, unaendelea. Nikiwauliza nani hawezi kuiandika hapa, hakuna mkono utakaonyooshwa. Mbinu ilitajwa mwaka 1946, na ikapita zaidi ya miaka kumi kabla ya kuchapishwa maelezo yaliyofaa kwa orodha ya urefu wowote. Halafu mwaka 2006 Joshua Bloch, ambaye ndiye aliyeiandika kwa ajili ya maktaba (hazina ya misimbo iliyo tayari) ya lugha ya programu ya Java, akatangaza kwamba msimbo wake ulikuwa na kasoro iliyokaa humo kwa miaka tisa hivi. Ilikuwa kwenye mstari wa kutafuta katikati: jumlisha mwanzo na mwisho, gawanya kwa mbili. Kosa liko wapi? Namba ya kawaida ya Java haiwezi kuzidi 2,147,483,647. Orodha ikiwa na vitu zaidi ya bilioni moja, jumla inaweza kupita hapo, na ikipita inageuka kuwa hasi. Programu inakwenda kutafuta kitu kwenye nafasi yenye namba hasi, inaanguka. Dawa ni kuandika mwanzo, ongeza nusu ya tofauti.

Wapo wanaoutumia mkasa huu kusema kwamba urahisi ni ndoto. Mimi nauona kinyume. Kasoro iliweza kuelezwa kwa sentensi mbili na kurekebishwa kwa mstari mmoja, kwa sababu kila kitu kingine kilikuwa wazi. Ingekuwa kwenye algoriti ya kurasa arobaini ningekuwa siwasimulii leo, kwa kuwa ingekuwa bado imo.

Je, urahisi unakuja wenyewe? Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta Mholanzi, alisimulia uzeeni jinsi alivyopata algoriti yake ya njia fupi. Ilikuwa mwaka 1956, Amsterdam. Alikuwa madukani na mchumba wake, wakachoka, wakaketi kwenye kibaraza cha mkahawa kunywa kahawa. Akaifikiria kichwani kama dakika ishirini, hana kalamu wala karatasi, ikawa. Aliichapisha mwaka 1959. Na akasema kwamba kukosa karatasi kulimsaidia: ukibuni kitu kichwani tu, unalazimika kuepuka kila ugumu unaoepukika. Msinielewe vibaya, nimewaambia mje na karatasi na narudia kwamba mnazihitaji. Lakini jaribuni siku moja kumweleza mwenzenu algoriti yenu mkiwa kwenye foleni ya chakula, mikono mitupu. Mkishindwa kabla ya kufika dirishani, kuna kitu ndani yake hakijakaa sawa.

Dijkstra huyohuyo aliandika mwaka 1984 kwamba urahisi ni fadhila kubwa lakini unahitaji kazi ngumu kuupata na elimu kuuthamini, na kibaya zaidi, mambo magumu yanauzika vizuri kuliko mepesi. Hayo ya kuuzika nayaona kila msimu wa kusahihisha tasnifu. Mwanafunzi anakuja na alama za Kigiriki kurasa tatu. Ukimuuliza kila alama ni ya nini, nusu yake hazina kazi. Zimewekwa ili kazi ionekane ya shahada ya pili. Ukimwambia aondoe anashtuka, anadhani unataka kumfelisha. Na simlaumu. Ameona kwa macho yake kwamba mwenzake aliyewasilisha kurasa ishirini na tano safi aliulizwa na jopo, "Mchango wako ni nini hasa?" na yule wa kurasa mia na kumi hakuulizwa, kwa kuwa hakuna aliyemaliza kusoma.

Sitaki mtoke hapa mkidhani nasema algoriti ngumu hazifai. Mwaka 2019 David Harvey na Joris van der Hoeven walitangaza njia ya kuzidisha namba mbili ndefu ambayo ilikuwa ikisubiriwa tangu Schönhage na Strassen walipobashiri mwaka 1971 kwamba ipo. Kwa jinsi uthibitisho wao ulivyoandikwa, faida yake inaanza kuonekana kwenye namba zenye tarakimu nyingi kiasi kwamba hata hesabu ya tarakimu hizo haiandikiki kwenye karatasi zote za dunia. Hakuna programu itakayoitumia hivyo ilivyo. Bado naivulia kofia, kwa sababu sasa tunajua ukuta uliotuzuia tangu 1971 unabomoka. Vivyo hivyo mwaka 2025 Ran Duan wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, na wenzake walipoonyesha kwamba kwenye mitandao isiyosongamana, yenye nyaya chache ukilinganisha na vituo, njia fupi zinaweza kupatikana kwa haraka kuliko Dijkstra, jambo ambalo wengi walikuwa wameshakata tamaa nalo. Kazi ya kwanza juu ya ukuta wowote huwa ni ya kubomoa kwa nyundo, mavumbi kila mahali. Ninacholalamikia ni kwamba tunamlipa anayebomoa, halafu anayekuja kufagia na kuweka mlango tunamwambia amechelewa, ukuta ulishabomolewa.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Miaka kumi ya Boyer na Moore. Uchambuzi wa Seidel na Sharir. Mfumo wetu wa kuchapisha unauliza: je, umepunguza kipeo, ile namba inayoonyesha muda unavyokua kazi ikiwa kubwa? Umeshinda rekodi? Ukisema "Nimepata matokeo yaleyale lakini sasa mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuyaelewa na kuyaandika kwenye kompyuta," unaambiwa upeleke kwenye jarida la ualimu. Wenzetu waliliona tatizo hili. Januari 2018 huko New Orleans, Marekani, lilianza kongamano la kila mwaka la urahisi katika algoriti, na aliyeongoza kamati ya kwanza ya kuchagua makala ni huyohuyo Seidel. Pale uthibitisho mfupi wa jambo la zamani unapokelewa kama matokeo kamili. Kwenye idara zetu hatuhitaji kungoja kongamano. Fomu ya kutathmini tasnifu ni karatasi moja, na kubadilisha kipengele kimoja kunahitaji kikao kimoja. Walimu wangu mliokaa mbele, nawatazama kwa heshima zote.

Kwetu hapa kuna sababu nyingine, ya mfukoni. Mtu anayeandika programu ya chama cha kuweka na kukopa cha wilayani hana timu ya watu thelathini. Yuko peke yake, na siku akihama kazi, msimbo wake atarithi kijana aliyemaliza chuo juzi. Algoriti ambayo kijana huyo anaweza kuisoma asubuhi na kuielewa kabla ya chai ina thamani inayopimika kwa shilingi, hata kama ni polepole kidogo. Nimeona mifumo mizuri ikitupwa kwa sababu hakuna aliyebaki anayejua ndani kuna nini.

Nimalizie na kazi ya nyumbani. Chora shamba lenye kona nyingi, mipaka yake isikatane, lakini liwe na mikunjo kadiri unavyotaka. Ligawe pembetatu kwa mistari iendayo kona hadi kona bila kutoka nje ya shamba. Kila mara utapata pembetatu zilizo mbili pungufu ya idadi ya kona. Hilo mtalithibitisha wenyewe wikendi hii. Swali ni la muda. Mwaka 1978 ilipatikana njia ambayo gharama yake ni kama ya kupanga. Mwaka 1991 Bernard Chazelle akathibitisha kwamba inawezekana kwa muda unaolingana na idadi ya kona tu, na haiwezekani kupungua hapo, kwa kuwa lazima kila kona uitazame. Algoriti yake ni ngumu mno. Vitabu vinaitaja kwa heshima, kisha vinafundisha nyingine. Mwaka huohuo Seidel, ndiyo, huyohuyo tena, akatoa ya kubahatisha ambayo ni rahisi na inakaribia sana kasi hiyo, na ndiyo wengi waliyoiandika kwenye programu zao. Baadaye wakapatikana waliofikia kasi kamili, nao kwa kubahatisha.

Kinachokosekana mpaka leo ni hiki: algoriti isiyobahatisha, yenye kasi ya Chazelle, ambayo ningeweza kuieleza hapa mbele yenu kwa dakika ishirini kama nilivyoeleza ile ya kura. Hakuna aliyeipata, na hakuna aliyethibitisha kwamba haipo. Swali lenyewe mtoto wa darasa la saba analielewa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Dada pale nyuma, mwenye daftari la kijani, umenyoosha mkono tangu nilipokuwa kwenye 1 kwa 45. Uliza.